Mgonjwa Ni Mtoto, Mwenye Roho Juu Ni Mzazi

Mwezi huu nimeziweka kando barua za mambo mengine, kwa sababu zimenifikia nne zinazozungumzia jambo moja: mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima ameshikwa na maradhi ambayo bado hayajajulikana, mzazi wake hana usingizi, na marafiki wa mzazi hawajui waingilie wapi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo inayogusa mengi.

Tumwache mpaka majibu yatoke, au twende?

Shikamoo Shangazi. Sisi ni marafiki watatu tuliosoma pamoja chuoni, na sasa sote tumevuka miaka 55. Wiki tatu zilizopita mwenzetu mmoja alitupigia simu usiku akilia. Binti yake, mwenye umri wa miaka 29, aligundua uvimbe shingoni, akaenda hospitali, akapigwa picha, kisha akakatwa kinyama kwa ajili ya uchunguzi. Majibu hayajatoka mpaka leo. Tangu usiku ule mwenzetu amenyamaza. Simu hapokei, ujumbe anausoma bila kujibu, na mara moja tu aliponijibu aliandika maneno mawili: “Bado tunasubiri.” Rafiki yetu wa tatu anamtumia kila siku makala za intaneti na majina ya dawa za mitishamba. Mimi kila nikimwandikia najikuta nasema, “Usijali, hakuna kitu,” ingawa najua kwamba sijui. Nimefikiria hata kumpigia binti mwenyewe, kwa kuwa nimemjua tangu akiwa mchanga. Je, tumwache mama yake mpaka majibu yatoke, au twende? Na tukienda, tuseme nini?

*Shangazi anajibu:*

Marahaba, ndugu yangu. Nendeni, wala msingoje majibu. Kunyamaza kwa mwenzenu hakumaanishi kwamba amewachoka. Mtu anayesubiri jibu la namna hiyo huchoka kueleza, na kila simu inayolia kwake imebeba swali ambalo hana la kulijibu. Alipowaandikia kwamba bado wanasubiri, alikuwa amewapa kila alichonacho.

Nataka kwanza tuitazame hali yake ilivyo, kwa sababu inatofautiana na ya mama mwenye mtoto mdogo mgonjwa. Mtoto akiwa na miaka minne, mama humbeba mpaka hospitali, humshika anapochomwa sindano, hutia sahihi, huambiwa kila kitu na daktari, na usiku hulala naye wodini. Hofu inamtafuna, lakini mikono yake ina kazi. Binti wa miaka 29 huingia kwa daktari peke yake akitaka. Siri ya ugonjwa ni yake, sahihi ni yake, na daktari hapaswi kumweleza mama jambo ambalo mgonjwa hajakubali lielezwe. Mama hubaki nje ya mlango, kisha husimuliwa kwa kifupi, na mara nyingi husimuliwa nusu, kwa kuwa binti naye anajaribu kumlinda mama yake asiogope. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na uchungu huo haupungui mwana akishakua. Kinachopungua ni nafasi ya mzazi ya kufanya jambo. Mwenzenu amekwama hapo, akiwa na hofu yote ya mama na bila kazi hata moja ya mama.

Sasa nikueleze kwa nini kukaa mbali hadi majibu yatoke kunaweza kumdhuru hata binti. Mwaka 2013, katika gazeti la Los Angeles Times, mwanasaikolojia Susan Silk na mwenzake Barry Goldman walieleza njia rahisi ya kujua nani amlilie nani. Chora duara dogo, uandike ndani yake jina la mgonjwa. Lizungushie duara la pili, uwaandike walio karibu naye kabisa, kama vile wazazi au mwenzi wake. Zungusha la tatu, uwaandike marafiki, na uendelee hivyo hadi kwa watu wa mbali. Ukizungumza na mtu aliye ndani zaidi kuliko wewe, unampa faraja tu. Hofu yako, machozi yako na manung’uniko yako unayapeleka kwa walio nje zaidi. Silk aliijua haja ya jambo hilo kwa maisha yake mwenyewe: alipokuwa akiugua saratani ya matiti, mfanyakazi mwenzake alitaka kumtembelea wakati ambapo yeye hakutaka wageni, na alipokataa akaambiwa kwamba jambo lile halimhusu yeye peke yake.

Uitumie picha hiyo kwa mwenzenu. Katikati yuko binti. Duara linalofuata ni la mama, na ninyi mko nje yake. Mama hapaswi kumlilia binti yake, maana binti atalazimika kuuguza shingo yake na hofu ya mama kwa pamoja. Anahitaji mtu wa kumlilia aliye nje ya duara lake, na mtu huyo ni wewe. Usipokuwapo, hofu ile haiyeyuki; itamfikia binti kwa njia ya maswali mengi, simu za kila saa, na macho mekundu mezani. Kwa sababu hiyo siku zote nimeamini kwamba rafiki wa mama anamhudumia mgonjwa bila hata kumwona. Na wewe mwenyewe, kwa kuwa umempenda binti huyu tangu akiwa mchanga, una hofu yako. Ipeleke kwa mumeo, kwa dada yako, au kwangu kama ulivyofanya. Usimpelekee yeye.

Kuhusu maneno, neno “usijali” liache. Halina ubaya wa nia, ila humwambia mama kwamba hofu yake ni kosa la kusahihishwa. Kate Sweeny, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, amewachunguza kwa miaka mingi watu wanaongoja habari wasizoweza kuzibadilisha, wakiwamo wahitimu wa sheria waliongoja kwa miezi minne matokeo ya mtihani wa uwakili. Aliona kwamba wasiwasi huwa mkubwa mwanzoni, hupungua katikati, kisha hupanda tena majibu yanapokaribia, na kwamba mbinu ambazo watu walizitumia kujiondolea wasiwasi hazikuupunguza. Wengi wetu hufika kwa wingi siku ya kwanza, habari ikiwa mpya, na kufikia siku za mwisho tumekwisha kuzoea, ilhali mwenye jambo ndiyo kwanza anaanza kupanda tena. Ninyi mko karibu na mwisho wa kusubiri. Siku hizi ndizo za kuwapo. Sweeny na wenzake waliona pia kwamba waliopata shughuli ya kuizamisha akili, inayotaka umakini bila kuwa ngumu mno, hawakuumia sana kama wengine. Basi mkienda, nendeni na kazi ya mikono, au mpeni yeye kazi anayoijua kuliko ninyi, mkae naye mkiifanya.

Jambo jingine ambalo afadhali ulijue ni sababu ya majibu kukawia, kwa kuwa mzazi anayesubiri huifanya kila siku inayopita kuwa dalili mbaya. Kinyama kilichokatwa hutiwa kwanza katika dawa iitwayo fomalini ili kisiharibike, kisha huondolewa maji, hugandishwa ndani ya nta, na hukatwa vipande vya unene wa mikromita 3 hadi 5, vyembamba mara nyingi kuliko unywele. Vipande hivyo hutiwa rangi, ndipo daktari wa patholojia anapovitazama kwa hadubini. Kinyama kikiwa kimetoka kwenye mtoki, yaani tezi la limfu, mara nyingi daktari huomba vipimo vya nyongeza vinavyotumia kingamwili ili azitambue aina za seli, na kila nyongeza hula siku kadhaa. Huenda kinyama cha mtu aliye mzima kikakawia kuliko cha mgonjwa. Uvimbe wa shingo wenyewe una vyanzo vingi: maambukizi ya koo au meno, kifua kikuu cha mitoki ambacho kwa kawaida hutibiwa kwa dawa za miezi 6, rovu, na saratani za matezi. Hata miongoni mwa hizo za mwisho, ile iliyoelezwa na daktari Mwingereza Thomas Hodgkin mwaka 1832, ambayo huwapata sana vijana, leo hupona kwa walio wengi wanaopata matibabu kamili. Haya nakueleza wewe. Usiende kumhubiria. Akikuambia, “Wamekawia, maana yake wameona jambo,” hapo unaweza kumweleza habari ya nta na rangi, kwa sauti ya kawaida, kisha unyamaze. Habari ya Hodgkin ibaki moyoni mwako, kwa sababu ukimtajia jina la saratani inayopona, atasikia neno saratani tu.

Kwa hivyo rafiki yenu wa tatu aache kutuma makala. Naamini anatuma kwa upendo, maana naye anatafuta la kufanya. Lakini kila makala humlazimisha mama asome ugonjwa ambao binti yake huenda hana, na kila jina la dawa humtia katika mabishano na binti mtu mzima ambaye amechagua kumsikiliza daktari wake. Zipo pia dawa za mitishamba zinazogongana na dawa za hospitali. Mwambie mkiwa wawili, bila kumwaibisha, kisha umpe kazi nyingine. Mtu mwenye haraka ya kusaidia hatulii kwa kukatazwa tu.

Kwa binti usipige simu, isipokuwa amekuambia mwenyewe. Muulize mama yake kwanza, “Je, anajua kwamba tunajua?” Inawezekana kabisa kwamba usiku ule mwenzenu alitoa siri isiyokuwa yake kwa sababu ilimshinda kuibeba, na tangu hapo anajuta. Pengine hiyo nayo ni sababu ya kunyamaza kwake. Ukimhakikishia kwamba neno halijatoka mdomoni mwenu, huenda utakuwa umemtua mzigo ambao hamkujua kwamba anao.

Basi mwandikie hivi: “Nitapita kwako Alhamisi saa kumi alasiri, nitakaa saa moja. Huhitaji kupika, kueleza, wala kuvaa vizuri. Ukiona hutaki mtu, niandikie ‘leo hapana’, nami nitapita Jumamosi.” Usimwambie, “Ukihitaji chochote uniambie,” maana hiyo ni kazi umempa ya kukupangia kazi. Na ukifika, usiulize kama majibu yametoka. Yakitoka atasema.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Mwanangu alipokuwa na miaka 31 aliambiwa kwamba picha ya kifua chake ina kivuli, tukasubiri siku 17. Katika siku hizo watu wengi waliniambia maneno mazuri, nayo nimeyasahau yote. Ninayemkumbuka ni rafiki mmoja aliyekuja kila baada ya siku mbili, akaketi nami tukakunja nguo zilizokauka, akaondoka. Siku moja nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, kwamba nimeanza kuyapanga kichwani maneno nitakayoyasema kwenye maziko. Hakushtuka, wala hakunikemea kwa kukosa imani. Aliniuliza, “Umeyabeba hayo peke yako tangu lini?” Nililia mpaka nguo nilizokunja zikalowa. Jioni ile mwanangu alipokuja, kwa mara ya kwanza niliweza kuzungumza naye habari za kazi yake, kama mama na mwana, wala sikumtazama kifuani. Kivuli kilikuwa kovu la maambukizi ya zamani. Lakini hata kama kingekuwa kingine, ile jioni tulikuwa tumekwisha kuipata.

Anageuza maneno kuwa habari za mpira

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 60. Rafiki yangu tunayefanya kazi pamoja ana mtoto wa kiume wa miaka 24, ambaye mwezi uliopita alianguka ghafla kazini kwake akatetemeka mwili mzima kwa dakika mbili hivi. Madaktari bado wanamchunguza. Nikimuuliza mwenzangu habari za kijana, anageuza maneno kuwa habari za mpira. Hata hivyo nimegundua kwamba kila asubuhi humfuata kijana huyo kwa siri mpaka anapoingia kazini. Sisi wanaume hatujui kukaa na kuliwazana. Nifanyeje?

*Shangazi anajibu:*

Marahaba, mwanangu. Mnaweza kuliwazana, ila pengine si kwa kukaa mkitazamana. Tafuta safari ya miguu au kazi ya kufanya pamoja, ambapo macho yenu yako mbele na kimya si aibu. Hapo mwambie neno moja, kwa mfano, “Tangu habari ile, kijana hajanitoka akilini, na wewe vilevile.” Kisha urudie mpira kama yeye ataurudia. Atakuwa amesikia. Siku atakayokuwa tayari atajua nani wa kumwendea.

Hiyo mikono isiyo na kazi niliyoitaja katika jibu la kwanza ndiyo inayomfanya amfuate kijana barabarani. Mpe kazi ya kweli. Mwambie kwamba wewe unataka kujifunza namna ya kumsaidia mtu anayetetemeka, na kwamba ungependa mjifunze pamoja. Ni mambo machache: kuondoa vitu vigumu vilivyo karibu, kuweka kitu laini chini ya kichwa, kulegeza nguo shingoni, kumgeuza alale ubavu, kutombana na kutomtia kitu chochote mdomoni, na kutazama saa. Mtetemeko ukipita dakika 5, au ukifuatwa na mwingine kabla hajapata fahamu, huitwa msaada wa dharura bila kungoja. Baba anayejua la kufanya siku ikirudia hulala vizuri kuliko baba anayeomba tu isirudie.

Ujue pia kwamba kutetemeka mara moja hakumfanyi mtu kuwa na kifafa. Kwa kawaida madaktari hulitamka neno hilo baada ya mitetemeko miwili isiyo na kichocheo, iliyopishana kwa zaidi ya saa 24, au baada ya mmoja ikiwa vipimo vinaonyesha kwamba uwezekano wa kurudia ni mkubwa. Sukari ikishuka mno, mtu anaweza kutetemeka. Maambukizi ya ubongo yanaweza kuleta hali hiyo, na hata kuzimia kunakotokana na moyo kunaweza kufuatwa na mitikisiko ya mwili. Kwa upande mwingine, kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kutoka safi kwa mtu mwenye kifafa. Ndiyo maana uchunguzi unachukua muda, na ndiyo maana maswali kama kijana aendeshe gari au la ni ya daktari wake na sheria ya mahali alipo. Wala si maswali ya baba kuyaamua kwa kuficha funguo.

Habari ya kumfuata kwa siri mwambie waziwazi, kwa kuwa wewe ni rafiki yake na umeiona. Siku kijana atakapogeuka akamwona, atajisikia kama mtoto mbele ya wenzake, na huenda akaacha kabisa kumweleza baba yake yanayompata. Mshauri amuulize mwanawe, “Ungependa nikusaidie wapi, na wapi nisikuingilie?” Kisha ashike jibu, hata likiwa dogo kuliko alivyotarajia. Asubuhi za kwanza ambazo hatamfuata zitakuwa ngumu. Mpigie simu saa hiyo.

Majibu ni mazuri, mbona silali?

Shangazi, binti yangu wa miaka 33 alifanyiwa upasuaji wa uvimbe, na majibu yakatoka kwamba si saratani. Marafiki walifurahi nami, wakarudi kwenye shughuli zao. Sasa ni mwezi wa pili, binti ni mzima, lakini mimi naamka saa nane usiku nimelowa jasho, na simu ikilia moyo unanienda mbio. Wakiniona na huzuni wananiambia nimshukuru Mungu. Namshukuru. Je, nina kasoro?

*Shangazi anajibu:*

Huna kasoro, dada yangu. Kwa wiki nyingi ulijikaza kwa ajili ya mwanao, na mwili haujui tarehe ambayo karatasi ya majibu ilitoka. Wengi huanguka pale wanaporuhusiwa kuanguka. Lakini kwa kuwa hali hii imepita mwezi mmoja na inakunyima usingizi, mwone daktari kwa ajili yako mwenyewe, umweleze yote, pamoja na saa unazoamka na jasho hilo, maana jasho la usiku linaweza kuwa na vyanzo vingine vya kuangaliwa. Ipo tiba ya maongezi kwa watu waliopitia hofu kubwa, nayo inafanya kazi.

Kisha mchague rafiki mmoja, yule asiyekimbilia kukushauri, umwambie maneno haya haya uliyoniandikia. Na ninyi marafiki mnaosoma safu hii, tazameni tarehe ya kipimo kijacho cha mtoto wa mwenzenu. Baada ya matibabu ya namna hii wagonjwa wengi huitwa tena kuangaliwa, pengine baada ya miezi 3 au 6, na wiki moja kabla ya siku hiyo mzazi hurudi pale pale alipokuwa. Iandikeni tarehe hiyo mahali mnapoiona, mpige simu bila kungoja kuitwa.

Naogopa atauona msiba wangu usoni

Shikamoo Shangazi. Miaka 6 iliyopita nilimzika mwanangu, akiwa na miaka 26, baada ya kuugua saratani ya damu. Rafiki yangu wa miaka mingi ndiye aliyenishika mkono tangu mwanzo hadi makaburini. Sasa binti yake wa miaka 30 amelazwa, na madaktari bado wanatafuta chanzo. Nataka kwenda, lakini naogopa kwamba nikiingia kwake ataona usoni mwangu lile analoliogopa kuliko yote. Nikikaa mbali, nitakuwa nimemtupa. Nimekwama.

*Shangazi anajibu:*

Marahaba, mwanangu, na pole. Barua yako niliisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu.

Unachokiogopa ni cha kweli. Inawezekana kwamba kukuona kutamtia hofu. Inawezekana vilevile kwamba wewe ndiwe mtu pekee duniani ambaye anaweza kulitamka neno kifo mbele yake bila kuhofia kwamba utashtuka. Huwezi kujua ni lipi kwa kukaa nyumbani ukikisia, na huna haki ya kumchagulia, hata kwa upendo. Muulize. Mwandikie kwamba unajua kuwa kukuona wewe kunaweza kuwa kuzito kwake siku hizi, kwamba utakuja, au utakaa karibu bila kuja, vyovyote atakavyotaka, na kwamba akibadili mawazo kesho hutamuuliza sababu. Asipojibu kwa siku mbili, usilichukulie kuwa ni kukataliwa. Mtumie ujumbe wa pili usiokuwa na swali.

Akikuita, habari za mwanako usizitangulize. Yaliyompata yeye si kipimo cha yatakayompata binti huyu; magonjwa ni mawili na miili ni miwili. Usilinganishe dalili, wala majina ya dawa, wala siku za kulazwa, hata kama kichwani mwako yanajilinganisha yenyewe. Akikuuliza, mjibu alichouliza, kwa ukweli, usimpe zaidi. Mwenzako akisema, “Wewe uliwezaje?”, huenda hasubiri maelezo. Huenda anauliza kama mtu anaweza kubaki hai, na jibu la swali hilo ni wewe uliyeketi mbele yake.

Akikuambia bado, zipo kazi zisizohitaji uonekane. Yuko mume wake, ambaye kwa kawaida hakuna anayemuuliza hali. Wako watoto wengine wa nyumba hiyo wanaosikia mazungumzo nusu nusu. Kuna watu wa mbali wanaopiga simu kila saa wakitaka habari, na mtu mmoja akikubali kuwajibu kwa niaba ya familia, kwa maneno ambayo binti mwenyewe ameyaridhia, mama atapumua.

Na wewe nawe usijisahau. Kama ni hospitali ile ile aliyolazwa mwanako, si lazima upite mlango ule. Mwambie rafiki yako waziwazi kwamba utamngoja nyumbani, kwa kuwa pale bado hujaweza. Atakuelewa kuliko mtu yeyote, maana alikuwapo. Hofu yake ikiamsha huzuni yako, ilie, ila kwa mtu aliye nje ya nyumba ile. Mtafute mtu huyo leo, kabla hujautuma ujumbe: dada, ndugu, au yeyote aliyemjua mwanako na anayeweza kulitaja jina lake bila kigugumizi. Mwombe akupigie simu usiku ule ule utakaouandika, ili jibu lolote litakalokuja lisikukute peke yako.